Mwili Ni Ule Ule

Mektrida aliishi mlimani, juu ya Bomang'ombe. Kihamba chake, shamba lililozunguka nyumba, kilikuwa na migomba, kahawa na ng'ombe wawili. Kila asubuhi alikata majani, akakamua, akajitwika ndoo ya maziwa na kushuka nayo mtoni, avuke kwenda kuyauza. Daraja lilikuwa magogo mawili tu. Masika ya mwaka 2000 yakachukua moja. Akina mama wakawa wanavuka kwa gogo lililobaki, wameshikana mikono.

Miaka mitano nyuma, Bwana Leodegar aliomba udiwani akaahidi daraja la zege. Udiwani aliupata. Daraja halikuja. Sasa uchaguzi ulikaribia tena, na Leodegar akashindwa katika kura za maoni za chama chake. Wiki ile ile akarudisha kadi, akachukua ya chama kingine, akagombea upya.

Sirili, mume wa Mektrida, alikuwa wa ukoo mmoja na Leodegar. Akatangaza kwamba nyumba nzima itahamia chama kipya. Wapambe wa Leodegar walikuwa wakikusanya shahada za kupigia kura, eti waandike majina ya wafuasi. Sirili alikwishatoa yake. Akamtaka mkewe naye atoe.

Mektrida hakubisha. Alisema ataitafuta. Kesho yake akapita kwa jirani yake, Mwalimu Elinipendo, aliyekuwa amehudhuria semina ya uraia Moshi mjini.

"Shahada si kadi ya chama, Mama Valerian," Mwalimu alimweleza. "Ni yako. Ukienda kituoni bila hiyo, hupigi kura. Usimpe mtu yeyote, hata mumeo. Na kura ni siri. Huhitaji kuwa mwanachama wa chama chochote ili upige."

Mektrida akauliza kama kuhama chama ni kosa.

"Si kosa. Sheria inaruhusu, na wapo wanaohama kwa sababu nzuri. Lakini mtu akibadili shati, mwili ni ule ule. Alichofanya na ambacho hakufanya, amehama navyo. Muulize hayo. Na huyo wa chama cha zamani muulize vilevile."

Mektrida alipomweleza mumewe, Sirili alinuna. Hata hivyo alikwenda kudai shahada yake. Wapambe wakamwambia iko mjini. Alikwenda mara ya pili, akaambiwa hivyo hivyo. Siku ile hakugusa chakula.

Jumamosi Leodegar alihutubia uwanja wa shule. Alisema chama chake cha zamani ndicho kilichozuia daraja. Watu wakapiga makofi. Mektrida akanyoosha mkono, akasimama.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nina maswali mawili. Katika miaka mitano, daraja letu ulilisema katika baraza la madiwani mara ngapi? Na shahada za watu wetu ziko wapi?"

Leodegar akaanza tena habari ya chama.

"Sikuuliza chama," Mektrida alisema taratibu. "Nimekuuliza wewe."

Leodegar alijifuta uso kwa leso, akatazama chini.

"Sikulisema," akajibu mwishowe.

Hakuna aliyemzomea. Mzee Eliufoo, mwenyekiti wa kijiji, akasema mkutano hautafungwa mpaka shahada zirudi. Mfuko ukatolewa kwenye gari la wapambe. Majina yakasomwa moja moja, na Sirili akapokea yake kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata, mgombea wa chama cha zamani naye aliulizwa swali la daraja. Huyu alieleza atakavyoanza kulijenga, na Mwalimu akayaandika maneno yake. Ndiye aliyeshinda. Baraza lilipokutana mara ya kwanza, akina mama wanne walikaa nyuma, wakasikiliza. Daraja likasemwa. Kijiji kikatoa mawe na mchanga, halmashauri ikatoa saruji na fundi. Mwaka wa pili maziwa yalivuka juu ya zege.

Uchaguzi wa 2005 ulipofika, mgombea mwingine aliyetoka kuhama chama alikuja nyumbani kwao. Alimkuta Sirili akipogoa kahawa, akamwomba kura za nyumba nzima.

Sirili akaweka mkasi chini, akatabasamu.

"Yangu nitaifikiria," alisema. "Ya mke wangu kamwombe mwenyewe. Lakini jiandae kwanza."