Jibu la Mama Noela

Jumanne ile Asteria aliketi barazani na chai yake kama kawaida, maandazi mawili na mayai, huku binti wa kazi akimsugua miguu. Usimcheke. Ukiwa mke wa Donatus kwenye machimbo ya Mwabulima, upande wa Segese, hata viatu unavuliwa. Donatus aliitwa Mwenyekiti, ila uchaguzi wake hakuna aliyeukumbuka. Bila idhini yake huchimbi, huuzi maji, huoi. Aliyebisha alikuta kibanda chake ni majivu. Mkewe alikuwa na nyumba mbili Kahama, gari jeupe, na marudio yote, yaani ule mchanga uliokwisha oshwa lakini bado una dhahabu. Wanawake walipiga magoti kumwamkia shikamoo. Naye aliitikia marahaba bila kutazama chini.

Ila siku hiyo chai ilipoa bila kunywewa. Noela, mwanawe wa pekee, miaka minane, alikuwa kitandani siku ya tisa akikohoa. Hospitalini walimpiga picha wakashangaa: mapafu yamejaa vumbi la mawe, ya mtoto ambaye hajawahi kusogelea shimo la dhahabu! Dawa alipewa. Pumzi ikazidi kupungua.

Asteria alijua vumbi lile ni la wapi. Ee Mungu wangu, alijua!

Masika iliyopita duara namba sita, yaani shimo la kuchimbia, lilititia na wanaume watano ndani, Boaz mume wa Rhoda akiwemo. Sasa wachimbaji wana desturi yao. Aliyefukiwa akiwa hai hugonga mwamba kwa moko, ile tindo yao ndefu. Wa juu akisikia, hujibu mara tatu. Maana yake: tulieni, tunakuja. Kujibu ni kiapo, na ukishajibu huondoki.

Siku ya pili waligonga. Rhoda akamshika Asteria miguu. "Mayu, mama yetu, mzee anakusikiliza wewe tu. Mwambie!" Watu walikuwa wanatazama. Asteria akaona haya, akaokota jiwe, akagonga mara tatu, ili tu yule mama anyamaze. Kule chini wanaume wakashangilia. Yeye akaenda zake nyumbani.

Donatus akasema serikali ikijua itafunga machimbo, kwa hiyo duara lifukiwe, na atakayeweka matanga atamtambua. "Marudio ya pale ni yako," akamwambia mkewe. Asteria alijifunika kitenge akalala.

Basi Jumanne hiyo, saa sita, jua la utosi, alimpelekea Noela uji. Kitanda kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa sakafuni, sikio kwenye tailizi, anagonga kwa kijiko.

Ko. Ko. Ko.

Chini ya sakafu kukajibiwa.

Bakuli la uji likamponyoka Asteria. "Nani huyo?" alinong'ona.

"Uliwaambia watulie," Noela alinong'ona naye. "Wametulia, mama. Wanauliza unakuja lini."

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wazee, na Asteria alilisikia neno hilo hadi kwenye mifupa. Alimfunga mtoto mgongoni. Donatus alimzibia mlango.

"Ukifungua mdomo, huna nyumba, huna gari, huna mume."

"Chukua," alisema. Akavua bangili zake zote, akaziacha mezani, akatoka pekupeku.

Alimkuta Rhoda anaponda mawe na wenzake. Akapiga magoti vumbini, yeye, mke wa Mwenyekiti. "Ni mimi niliyewajibu," alisema. "Nilijibu nikaondoka. Nifanye utakavyo, ila duara lifunguliwe. Mwanangu anakufa."

Rhoda hakumpiga. Afadhali angempiga. Aliokota koleo akatangulia. Wanawake wakamfuata, kisha wanaume, mia na zaidi, na walinzi wa Mwenyekiti wakabaki wameinamisha vichwa.

Jua likikaribia kuzama wakatoboa. Papo hapo, mgongoni mwa mama yake, Noela alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa siku tisa. Asteria alilia, furaha na aibu zote pamoja.

Telesphori, mchimbaji aliyeshuka kwa kamba, alipanda amebadilika rangi. Aliongea taratibu. Wote watano wapo. Wamekufa wameketi, nyuso zimeelekea njia ya kutokea. Maji ya mvua yalikuwa yanachuruzika, waliyanywa, wakangoja. Siku walizihesabu kwa kuchora mistari ukutani.

"Mingapi?" Rhoda aliuliza.

"Kumi na tisa."

Kumi na tisa! Rhoda alimgeukia Asteria, akamtazama tu.

"Ipo mingine," Telesphori alinong'ona. "Chini ya hiyo. Ya chaki. Usawa wa mtoto aliyeketi katikati yao. Tisa."

Asteria alimshusha Noela. Asubuhi ile alikuwa amemwogesha kwa mikono yake mwenyewe. Akamkunjua kiganja.

Vidole vilikuwa vyeupe.