Mkono wa Walii

"Hodi hapa. Kwa Sufiani ni hapa?"

Shufaa aliinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele. Penye mlango wa ua alisimama mwanaume wa makamo, shati limenyooka kama limetoka dukani sasa hivi, ufunguo wa gari mkononi. Hakumfahamu. Zilibaki siku nne tu afunge ndoa, na kutwa nzima watu walikuwa wakiingia na kutoka, kwa hiyo alidhani ni mgeni wa upande wa bwana arusi.

"Ni hapa, karibu. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu yule mgeni, kisha akasahau kuingia. Alibaki akimtazama tu, mpaka Shufaa akavuta ushungi wake vizuri.

Mama yake, Bi Somoe, alitoka jikoni na mwiko. Alimwona mgeni, akasimama. Alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anamkaribisha msoma mita.

"Vua viatu, Abdulswamad. Mkeka umeoshwa leo."

Jina hilo Shufaa alilijua kwenye cheti chake cha kuzaliwa tu. Ndiye baba yake. Aliondoka hapa Zinga yeye akiwa na miaka mitano, na sasa ana ishirini na minne.

Kosa lilikuwa la mjomba Sufiani, na alilikiri jioni ile kichwa kikiwa chini. Yeye ndiye aliyemlea Shufaa, akamsomesha, akakesha naye hospitali alipougua. Posa ya Shuaibu, fundi wa majokofu pale barabarani, aliipokea yeye. Akamwambia kila mtu kwamba Ijumaa atamwozesha binti yake mwenyewe, hata maneno ya kuozesha alikuwa akiyafanyia mazoezi huku akipalilia mihogo. Alipokwenda kwa Sheikh Bwanausi kupanga shughuli, sheikh akamuuliza walii wa kumwozesha Shufaa ni nani.

"Si ndiye mimi hapa?" alijibu Sufiani.

Sheikh ikabidi amkumbushe taratibu kwamba mjomba, ndugu wa mama, hana uwalii. Baba akiwa hai na anapatikana, ni yeye au atakayempa uwakala. Sufiani alikuwa anaijua sheria hiyo tangu chuo cha Kurani. Ila kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesahau, kwa dhati ya moyo wake, kwamba yeye si baba. Akaitafuta namba ya Abdulswamad kwa madereva wa malori, akapiga, na akaogopa kumwambia dada yake.

Abdulswamad hakuja mikono mitupu. Sasa ana malori, ana yadi kubwa Bunju, Dar. Aliutazama ua, akalitazama turubai la kuazima, akasema binti yake haolewi hivi. Arusi isogezwe hadi Desemba. Atalipa ukumbi mzuri Dar. Kuna nyumba ya vyumba vitatu Bunju, ataiandika kwa jina la Shufaa. Na huyo kijana ataingia kazini yadi kwake, aache kuokoteza mafriji mabovu.

"Miezi minane tu," alisema. "Mimi ndiye walii. Sitaki kutumia nguvu, nataka mnielewe."

Bi Somoe alicheka kidogo, akarudi jikoni.

Kesho yake simu ya Shufaa ililia. Ujumbe wa Shuaibu: "Baba yako kanipigia. Njoo karakana tuongee."

Alimkuta amekaa juu ya friji lililolazwa chali, bisibisi mkononi, hafanyi kazi. Shufaa aliujua uso wa mtu ambaye amekwisha kuamua na anatafuta jinsi ya kusema.

"Umemkubalia," alisema.

"Sijamkubalia. Nimemwambia nitaongea na wewe." Shuaibu alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Lakini fikiria, Shufaa. Nakuoa nikupeleke wapi? Chumba kimoja, bati juu, joto kama tanuri. Kutwa nawapozea watu maji, mimi mwenyewe sina hata feni."

"Hayo ulikuwa huyajui ulipoleta posa?"

"Nilikuwa nayajua. Ila hakuna aliyekuwa amenionyesha nyumba ya vyumba vitatu."

Alisema kweli, na ukweli huo ndio uliomuuma Shufaa. Yeye mwenyewe jana alilala akiviwaza vyumba vile. Alimfikiria mama yake akiwa na chumba chake, na bomba ndani. Hakuwa mtu wa kusema pesa hazina maana. Alikwisha kumwona mama akiacha kumeza dawa kwa sababu zimekwisha.

"Sisemi pesa mbaya, Shuaibu. Ila unajua baba yangu alipoondoka alimwambia nini mama? Alimwambia asubiri miezi minane, anunue lori, kisha aje atuchukue. Maneno yale yale. Desemba ikifika utataka kwanza uwe na gari. Ukipata gari, utataka kwanza tujenge."

"Mimi si baba yako."

"Najua. Ndiyo maana nataka kuolewa na wewe Ijumaa."

Shuaibu aliinamia friji, akaanza kulegeza parafujo. Shufaa alisubiri mpaka kusubiri kukawa aibu, akaondoka.

Nyumbani alimkuta baba yake peke yake barazani, chai imepoa mbele yake. Akakaa upande wa pili. Akamuuliza swali moja tu: kwa nini hakurudi lile lori liliponunuliwa.

Abdulswamad alikigeuzageuza kikombe.

"Lilikuwa lori la mkopo," alisema. "Nikasema nirudi likiwa langu. Likawa langu, nikasema nirudi nina mawili, nisichekwe hapa Zinga. Nikajenga, ili nije niwachukue. Nyumba ilipokwisha, mama yako alishadai talaka yake. Nikaona aibu. Watu huko wananiita tajiri, Shufaa. Sijui nilikuwa nangoja kitu gani."

"Hiyo nyumba siitaki leo, baba." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Siku nyingine ukinipa, nitapokea na nitashukuru. Leo nataka kitu kidogo. Ijumaa saa nne uje ukae mkekani, uushike mkono wa Shuaibu, uniozeshe. Wewe mwenyewe, si kwa uwakala."

"Na kama kijana mwenyewe anataka kungoja?"

"Hilo niachie mimi."

Abdulswamad alikiweka kikombe chini. "Nitakuja," alisema.

Kutoka jikoni Bi Somoe akapaza sauti: "Amekwambia Ijumaa ya mwaka gani?"

Alhamisi alasiri, wakati Shufaa anapakwa hina na hawezi kushika simu, binamu yake Hajra alimsomea ujumbe kwa sauti, wanawake wote wakisikiliza: "Nimemwambia baba yako hapana. Chumba nimekipaka chokaa. Nisamehe, niliogopa. Feni bado sina."

"Mjibu aje na kucha zisizo na grisi," alisema Shufaa, na wanawake wakapiga vigelegele. Alicheka nao, huku machozi yakimtoka na mikono ya hina hawezi kujifuta.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, baba yake alipiga simu. Kampuni ya saruji ilikuwa imeita watu wa malori kusaini mkataba, leo leo, saa nne. Mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa ameutafuta tangu mwaka juzi. Amekwisha kumpigia sheikh, amempa Sufiani uwakala, ndoa itasihi vilevile, haitakuwa na kasoro.

"Itasihi, ndiyo," alisema Shufaa.

"Umekasirika?"

"Hapana, baba. Nimekusikia."

Alimpa Hajra simu, akaendelea kufungwa ushungi. Bi Somoe alikuja akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Saa nne ikafika. Mashahidi walikwisha kumuuliza Shufaa ridhaa yake, naye akaitoa. Kupitia dirishani alimwona Shuaibu ameketi na kanzu yake, amekunja magoti, mbele yake mjomba Sufiani. Sheikh Bwanausi alisema waanze. Mjomba, aliyekuwa na maneno yale kichwani kwa mwezi mzima, akajikohoza.

"Tumpe dakika kidogo, sheikh," alisema.

"Sufiani, si umepewa uwakala?"

"Nimepewa. Tumpe dakika kidogo."

Zilipita kumi, zikapita ishirini. Kisha gari likasimama nje, na Abdulswamad akaingia uani akiwa na suti yake ya kusainia mkataba, amevua viatu tangu mlangoni. Mjomba aliinuka kumpisha. Wawili wale walishikana mikono, na Sufiani hakuuachia upesi mkono ule.

Simu ililia mfukoni mwa Abdulswamad.

"Pokea kwanza," alinong'ona Sufiani. "Huenda ni wao."

"Ndio wao. Wanataka kuniambia wamempa mwingine." Aliizima, akakaa mkekani. "Sheikh, nielekeze. Mimi sijawahi kuozesha."

Akaushika mkono wa Shuaibu. Sheikh akamtangulizia maneno, naye akayafuata, lakini alipofika kwenye "binti yangu" sauti ilimkatika, na mashahidi wakasema hawakusikia.

"Rudia, bwana," alisema sheikh kwa upole.

Abdulswamad akarudia tangu mwanzo, polepole, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Ewe Shuaibu bin Muhammad, nimekuozesha binti yangu, Shufaa, kwa mahari mliyoafikiana."

"Nimekubali kumuoa kwa mahari hiyo," alisema Shuaibu.

Ndani, Bi Somoe alijifuta uso kwa pindo la khanga, kisha akamnyoosha mwanawe ushungi ambao ulikuwa umenyooka tayari.

"Huyo baba yako leo kasikika mpaka barabarani," alisema. "Kaa vizuri, mumeo anakuja kukupa mkono."