Gitaa la Mashoto

Kwanza ulikuwa mlio. Ulitoka nyuma ya vibanda vya dagaa, katika soko la Mpanda, ukiunguruma kama dume la ng'ombe lililozuiwa maji, kisha ukapanda juu ukalia kama mtoto. Monika, ndoo ya asali kichwani, akawaacha wateja wawili wakimwita, akaufuata.

Ulimfikisha kwenye kibanda cha kuuza nyimbo. Kijana mwenye shati jekundu lililonyooshwa pasi alikuwa ameegemea spika.

"Nani anayepiga hivyo?"

"Karibu kwanza, dada wa asali. Huyo ni Jimi Hendrix, Mmarekani. Amekufa tangu mwaka sabini, ila kunyamaza kamkatalia Mungu."

"Nionyeshe."

Kijana, jina lake Malale, akamwekea video kwenye simu. Monika akashusha ndoo. Mtu yule alikuwa amelipindua gitaa, akilicharaza kwa mkono wa kushoto.

"Ni mashoto," Monika akasema taratibu.

"Haswa. Alichukua magitaa ya watu wa kulia, akayapindua, akapanga nyuzi upya. Hata kwenye Bongo Flava, ukisikia gitaa linakwaruza na kulia hivi, babu yake ni huyu."

"Na wanawake?"

"Yupo Sister Rosetta Tharpe. Alipiga nyimbo za kanisani kwa gitaa la umeme, na hao wa roki wakajifunza kwake."

"Sasa mbona mimi nikipiga gitaa la kwaya kwa kushoto, kijijini kwetu Litapunga, wananitazama kama nimetema mate altareni?"

Malale akacheka mpaka akashika spika. Mchana ule hakuuza wimbo mwingine.

Ikawa simu kila jioni. "Mashoto wangu, umekula?" "Nimekula, Msukuma wangu. Ng'ombe zako za mahari zinanenepa?" "Zinanenepa, ila zinauliza utazipigia nini." Siku moja wakapanda bodaboda hadi Sitalike, Malale akamrekodi akipiga kando ya barabara, amevaa gauni la kitenge cha bluu, gitaa la kwaya limepinduliwa, ndoo iliyoandikwa ASALI miguuni. Parokia ilikuwa ikijiandaa kwa jubilei, na Monika hakutaka kitu kingine zaidi ya kupiga siku ile. Malale akasema, "Video niachie. Nitamtumia mwalimu wa kwaya mwenyewe."

Wiki moja baadaye Mwalimu Felisiani akamsimamisha nje ya kanisa, anatabasamu.

"Hongera, binti. Utatupigia jubilei. Nimefurahi umejirudi."

"Nimejirudi kutoka wapi, mwalimu?"

Akamwonyesha simu. Monika akajiona anapiga kwa mkono wa kulia. Akaitazama ndoo: neno ASALI lilisomeka kinyumenyume, kama kwenye kioo.

Damu ikampanda. Utotoni walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili ale kwa wa kulia. Shuleni ulichapwa fimbo. Wote wale hakuwahi kuwapenda. Huyu, Malale, alimpenda.

Akapiga simu.

"Umenigeuza, Malale."

"Mpenzi, nisikilize. Yule mzee asingekubali. Nimebonyeza kitufe kimoja tu, upate nafasi."

"Siku ya jubilei ungenibonyeza wapi?"

Malale akaanza kujieleza, Monika akamzuia.

"Hendrix wako mbona hukumgeuza? Au yeye ana haki ya kuwa mashoto kwa sababu ni Mmarekani?"

Akakata. Kwa wiki mbili simu iliita, hakupokea.

Jumamosi ya mazoezi, Malale akaingia kanisani Litapunga, shati jekundu limejaa vumbi la njiani, spika begani. Kwaya ikakatiza wimbo.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kusema nilikudanganya." Akaonyesha video halisi. "Huyu hakujirudi. Hana alikopotea. Aliyepotea ni mimi."

Uso wa Felisiani ukabadilika. "Basi hatapiga. Mkono wa kushoto mbele ya altare ni dharau."

Monika akainuka kutoka benchi la nyuma. Hakumtazama Malale.

"Mwalimu, siku ya ndoa yako ulisimama mbele ya altare hii hii. Padri akabariki pete, mkeo akakuvika. Mkono gani?"

Felisiani akatazama chini. Pete ilikuwa pale, kushoto, imezama kwenye nyama ya kidole kwa miaka thelathini. Mama mmoja wa sauti ya pili akaguna, wa pembeni yake akafuatia, mpaka benchi zima.

"Lete gitaa," mwalimu akasema hatimaye, bila kuinua macho. "Tukusikie kwanza."

Monika akalipindua. Ndipo akamgeukia Malale.

"Na wewe? Bado umesimama tu?"

"Nikiruhusiwa kuleta posa," Malale akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "nitakuvika pete kwenye mkono huo huo, kanisa zima likiona. Na mbele ya mwalimu nakuahidi, Monika: sitakugeuza tena."