Kibapa katika Kabati la Mama

Kilichoanza ni kitambaa. Alasiri ya Ijumaa moja, Septemba 1989, madirisha ya nyumba ya Bi Saumu huko Nyalenda, Kisumu, yakiwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi, kitambaa cha kufuma ndani ya kabati la vioo kiliinuka pembe moja, kikatulia, kikainuka tena.

Juu yake kililala kibapa cha chuma, kirefu kama kidole cha kati, kimoja kati ya mamia ya vibapa vinavyozunguka ndani ya injini ya ndege. Faraji, mwanawe, alirudi nacho kutoka Uingereza, ambako wanafunzi sita wa uhandisi walipelekwa kutembelea kiwanda cha injini hizo. Alimwambia mama kwamba alizawadiwa kwa kushinda wenzake. Tangu hapo hakuna mgeni aliyekunywa chai bila kuonyeshwa.

"Nyasaye, Mungu wangu!" alisema jirani yao, Mama Dorca. "Kadogo hivi ndiko kanabeba watu juu? Faraji, si ungeleta na ndege yenyewe tupande?"

Walicheka. Faraji alicheka pia, akitazama sakafu.

Alikuwa amekichukua kwenye meza ya ukaguzi na kukificha ndani ya soksi. Kilipokosekana, aliyeshukiwa ni rafiki yake Wepukhulu, aliyekuwa wa mwisho kuondoka mezani. Alipekuliwa mbele ya wote, mpaka viatu akavuliwa. Faraji alisimama hatua mbili tu kutoka kwake, chuma kikimkwaruza kifundo cha mguu. Sasa Wepukhulu alikuwa amesimamishwa masomo, akikaa kwa dada yake hapo hapo Kisumu, akingoja kuitwa chuoni ajitetee.

Baada ya kitambaa ikaja harufu ya mafuta ya taa, katika nyumba ambayo taa zake zilikuwa kavu. Kisha, Jumapili mchana, ukaja mluzi, mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka, ukapanda hadi vioo vya kabati vikatetemeka na vikombe vikagongana na kuku wakatimka uani, na mama, aliyekuwa akichambua dagaa wa omena, akasimama polepole, sinia likamponyoka, akafungua kinywa, na mluzi ukawa unatoka kwake, kisha ukageuka sauti isiyo ya mwanamke wala mwanamume, ikamwuliza Faraji huku macho ya mama yake yakimkodolea:

"Niliwekwa mezani. Nani aliniondoa?"

Maalim Saleh, mpunga pepo wa mtaani, aliitwa. Alifukiza ubani, akasoma, akasoma tena. Kila alipotua, sauti iliuliza lile lile. Mama Dorca alisimama mlangoni, ameuma pindo la leso. Jibu lilikuwa neno moja. Faraji alilimeza.

Mama alipopata usingizi, Maalim alimvuta kijana uani.

"Pepo hili halitaki mbuzi wala nguo nyekundu," alinong'ona. "Limeuliza. Lijibiwe, na waliodanganywa wasikie."

"Maalim, mama atajua."

"Atajua. Dawa ndiyo hiyo, mwanangu. Mimi sina nyingine."

Kesho yake Faraji alikifunga kibapa kwa karatasi, akakituma chuoni kwa posta, bila barua wala jina. Kwa mama alisema kwamba chuo kimekiomba kwa maonyesho. Nyumba ikatulia. Kitambaa kikalala. Faraji akajiambia kwamba chuma kimerudi, yatosha.

Wiki ya tatu Wepukhulu alibisha hodi, begi begani.

"Nimekuja kuwaaga, Mama."

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nyumbani Bungoma. Wamenifukuza." Aliketi ukingoni mwa kiti. "Kile chuma kilirudishwa chuoni kwa posta. Muhuri wa Kisumu. Wakasema ni mimi, dhamiri imenisumbua. Baba yangu ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya masomo haya. Sijui nitaingiaje kwake."

Bi Saumu aligeuka taratibu, akatazama kitambaa kitupu kabatini, kisha akamtazama mwanawe.

"Faraji," Wepukhulu alisema, bila hasira, "wewe ulikuwa karibu nami siku ile. Hukuona ni nani aliyekiondoa?"

Safari hii alitaka kusema. Kweli alitaka. Alivuta pumzi, akafungua kinywa, na badala ya neno ukatoka mluzi, mwembamba, ukipanda.

Wepukhulu alitazama huku na huko. "Mama," alisema, "birika lako linachemka."

Bi Saumu hakuondoa macho kwa mwanawe.

"Jiko sijawasha," alisema.