Papai kwenye Kidole cha Bibi

Mama Cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisema amemwona Bibi kwa macho yake mawili akiramba sukari kwenye mkebe, kijiko baada ya kijiko, huku akichungulia dirishani kama mwizi. Alisema hivyo bombani, akarudia dukani. Na kumwambia Mama Cherehani jambo ni kumwaga mtama penye kuku wengi: kufikia jioni mtaa mzima ulishajua kwa nini Bibi, mgonjwa wa kisukari, sukari yake haishuki.

"Mimi huyu?" Bibi aling'aka. "Hata chai nakunywa bila sukari, chungu kama dawa ya minyoo!"

Hakuna aliyemwamini, maana daftari lilimsaliti. Kila asubuhi mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, humchoma kidole, akakamulia tone la damu kwenye kijiti cha kupimia, akasubiri mashine itoe namba, akaiandika. Wiki iliyopita zilikuwa saba, sita, saba. Siku tatu hizi: kumi na sita, kumi na nane, kumi na tisa.

Muuguzi alipokuja kulitazama daftari, alishusha pumzi. "Bibi, itabidi niongeze dozi ya sindano." Akafungua kalamu.

Mjukuu alikuwa akiosha vikombe. Mikono ikasita majini. Siku tatu hizi alikuwa akiwamenyea wadogo zake papai, kisha, kwa kuogopa kuchelewa shule, akamkamua Bibi kidole hivyo hivyo, mikono ikinata. Na kunawa ndiko alikofundishwa kwanza! Akisema, huenda akanyang'anywa kazi anayoringa nayo mtaa mzima. Asiposema, Bibi atadungwa dawa asiyoihitaji.

"Dada Muuguzi, usiandike," alisema. "Sikunawa. Wala Bibi sikumnawisha. Nilikuwa na papai mikononi."

"Siku ngapi?"

"Zote tatu."

Kalamu ikafungwa. "Lete maji na sabuni."

Wakanawa, wakajikausha vizuri, wakapima upya. Wote watatu waliinamia mashine kama kuku wanaotazama punje moja. Nane.

"Alhamdulillahi!" Bibi akapiga kofi. "Nilisema mimi!"

Muuguzi alikiinua kijiti. "Humu mna dawa. Sukari ikikutana nayo, hutoka umeme mdogo sana, hata sisimizi asingeusikia. Mashine inaupima umeme huo. Sukari nyingi, umeme mwingi. Haiulizi kama imetoka kwenye damu au kwenye papai. Ningeongeza dozi, sukari ya Bibi ingeporomoka, pengine tungemkuta amezimia."

Msichana aliinamisha kichwa.

"Niangalie, mwanangu. Kosa ulilifanya kwa haraka, lakini umelisema kabla halijamdhuru mtu. Mpimaji anayekiri kosa lake ndiye ninayemtaka. Kesho utapima wewe, baada ya sabuni."

Mama Cherehani alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia nguo shingoni, masikio yote ndani.

"Jirani," Bibi alimwita kwa upole, "jana ulipita bombani na dukani. Leo nakuomba upite tena, uwaambie lilikuwa papai."

Mama Cherehani akaanza kuitafuta sindano aliyoichomeka kwenye kola ya gauni lake. Aliitafuta kwa muda mrefu sana.