Miksa ya Matundu Mawili

"Hii ndogo inakutosha kabisa, kaka," Bashiru alisema, akiifuta vumbi miksa ya kuchanganyia sauti kwa kona ya shati lake. "Studio ya nyumbani, chumba kimoja, matundu mawili ya maiki. Unataka nini tena?"

"Na hii kubwa?" Dorotea aliuliza.

"Hiyo ina matundu manane, dada. Ni ya kwaya na bendi. Watu wanaimba kwa pamoja, kila maiki inaingia kwenye kompyuta kivyake."

"Basi ndiyo yetu. Sisi tuko wengi."

Malimi alicheka. "Doro, wengi wapi? Mimi naimbisha mmoja mmoja, halafu naunganisha. Halafu hii ndogo inalainisha sauti. Ukikohoa tu, watu wanapiga makofi."

Malimi alikuwa prodyuza wa Mkolani. Chumba chake kimoja alikibandika trei za mayai kuta zote kuzuia mwangwi, mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama ameanza kufuga kuku. Dorotea alikuwa fundi cherehani wa Butimba, mzaliwa wa Nansio, ng'ambo ya ziwa, na sauti yake ndiyo iliyomfanya Malimi apeleke suruali nzima kwake akidai imechanika. Mapenzi hayo hayakuwa na kelele. Mwezi ujao mshenga alitakiwa kuvuka ziwa kwenda kuposa, na kabla ya hapo walikuwa wanunue miksa, moja tu, kwa sababu mfuko haukuruhusu mbili. Mtu angedhani hilo ni jambo la kuingia dukani na kutoka.

"Isikie kwanza," Bashiru alisema. "Chomeka simu yako, weka wimbo wowote."

Malimi alimkonyeza Dorotea. "Nilitaka nikupe siku ya posa. Lakini basi, sikia sasa hivi."

Sauti ya Dorotea ikajaa duka. Ulikuwa wimbo wa kwao, ule ambao wanawake wa ukoo wake humwimbia binti anayetoka nyumbani kwenda kuolewa. Bibi Rebeka, mama mzaa baba yake, huanzisha kwa kuita. Binti huitika. Shangazi na dada hupokea. Wiki chache nyuma, Malimi aliwaleta wote Mkolani akawarekodi kwa zamu, kila mmoja na hedifoni zake. Sasa dukani ilisikika sauti moja tu, na ngoma ya kompyuta chini yake.

Tabasamu la Dorotea lilikauka.

"Bibi yuko wapi?"

"Nime... nimewazima kidogo."

"Umewazima?"

"Sauti ya bibi inatetemeka, Doro. Nyota ni wewe. Nilitaka watu wakusikie wewe."

"Pale mwanzo bibi ananiita, ndiyo naitika. Sasa hapo namuitikia nani, Malimi? Kichaa anayeongea peke yake?"

Bashiru ghafla akakumbuka kuna nyaya za kupanga kule nyuma.

"Bibi alikataa kuingia kwenye kile chumba chako," Dorotea aliendelea, taratibu, bila kupandisha sauti. "Alisema hajawahi kuimba na ukuta. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimwambia, huyu ni mkweo mtarajiwa, mwamini. Kumbe kumtenga kule kulikurahisishia kumfuta."

"Sikufanya kwa ubaya."

"Najua. Ungefanya kwa ubaya ningekutukana, nikapona."

Akachukua mkoba wake, akamuaga Bashiru kwa adabu, akatoka. Malimi hakununua kitu.

Jioni ujumbe uliingia kwenye simu yake:

*Mwambie mshenga asivuke kwanza. Sina hasira na wewe, nina hofu. Siku bibi akija kukaa kwetu na kikohozi chake, naye utamzima? Kesho naenda Nansio, nitakaa huko kidogo.*

Malimi aliusoma ameketi katikati ya trei zake. Aliandika majibu, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akawasha kompyuta, akafungua sauti ya Bibi Rebeka ikiwa peke yake, ile aliyoizima.

Bibi aliita. Kisha kimya, kimya cha mtu anayesubiri. Kisha, kwa chini sana, mbali na maiki:

"Mko wapi wenzangu?"

Malimi alikuwa ameshawahi kuyasikia maneno hayo. Siku ile aliyaona ni kosa la kurekodi, akayakata. Safari hii yalimchoma, akaona aibu hata ya kuzitazama zile kuta. Asubuhi alipiga simu Nansio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Malimi, bibi."

"Yule Msukuma aliyenivalisha masikio?"

"Ndiye mimi."

"Yalinibana. Na humo ndani hamkuwa na mtu."

"Nimekosa, bibi. Uliuliza wenzako wako wapi, mimi nikakata. Halafu nikakuzima kabisa, nikamwacha Dorotea peke yake kwenye wimbo."

Bibi aliguna.

"Unajua ule wimbo unasema nini?" bibi aliuliza.

"Sijui Kikerewe, bibi."

"Namuuliza binti, unakokwenda watatusikia? Naye ananijibu, watawasikia. Sasa wewe umeanza kwa kutunyamazisha hata hujaoa!"

Malimi alifumba macho. "Nataka kuja tuurudie. Wote pamoja, sebuleni kwako."

"Na kuku wangu wanaoingia ndani?"

"Na kuku, bibi."

"Njoo. Ila ukija na yale masikio, unarudi na feri hiyo hiyo."

Siku hiyo hiyo Malimi alikuwa dukani kwa Bashiru.

"Nipe kubwa."

"Kaka, hiyo hailainishi sauti. Inatoa ilivyopokea."

"Hivyo hivyo ndivyo ninavyoitaka."

Bashiru alimwazima maiki za kutosha, akamwombea heri. Jumamosi Malimi alivuka, kompyuta mgongoni na miksa imefungwa kwenye blanketi, ameipakata. Kabla ya kushuka alituma ujumbe: *Doro, nakuja kwa bibi. Siji kuposa. Nakuja kusikiliza.*

Alimkuta anafagia uwanja. Dorotea hakumkimbilia, wala hakumkimbia. Aliutazama ule mzigo.

"Matundu mangapi?"

"Manane."

Akaegemeza ufagio ukutani, akamsaidia kubeba.

Malimi alijaribu kuwapanga kwa kuwaachia nafasi, kama alivyozoea. Bibi Rebeka alimvuta shangazi kwa mkono, akawavuta na wengine, wakasimama bega kwa bega mpaka maiki zikagusana. Hakubisha. Bibi akaita. Dorotea akaitika, sauti ikimtoka vile ambavyo Malimi hakuwahi kuisikia kule Mkolani. Wengine wakapokea. Jogoo naye akaingia pasipomhusu, na hakuna aliyeacha kuimba.

Walipomaliza, wanawake walikwenda jikoni. Dorotea alivuta kigoda, akakaa karibu na Malimi mezani.

"Mzime bibi," alisema.

"Nini?"

"Kama ulivyofanya siku ile. Mzime."

"Doro, mimi sitaki tena..."

"Nakuomba."

Malimi alishusha kidude cha sauti ya maiki ya bibi mpaka chini kabisa, akaweka wimbo. Bibi aliita kama kawaida, kwa mbali kidogo, lakini yupo. Malimi akaangalia tena. Maiki ya bibi ilikuwa imezimwa kweli.

"Hatoki," alisema.

"Jaribu tena."

"Hatoki, Doro. Mlikuwa mmesimama pamoja. Yumo kwenye maiki ya shangazi, yumo kwenye yako." Akageuka kumtazama. "Nikitaka kumtoa yeye, lazima nikutoe na wewe."

Dorotea aliyafuta macho kwa kiganja. "Mimi nimekosa maneno ya kukueleza hilo wiki nzima."

"Sasa nimeelewa. Nisamehe."

"Mnanong'ona nini huko?" Bibi Rebeka aliuliza kutoka jikoni. "Imeharibika?"

"Hapana, bibi!" Dorotea alijibu.

"Basi njooni mle. Na huyo Msukuma anawe mikono, asiniletee unga wa trei za mayai."

Malimi alicheka, akanyoosha mkono kuzima kompyuta. Dorotea alimzuia. Aliweka kidole chake juu ya kile kidude alichokishusha Malimi, akakipandisha polepole mpaka sauti ya bibi ikasimama mahali pake, mbele ya yake.

"Iache hapo," alisema. "Halafu mpigie mshenga, mwambie avuke."