Mdomo wa Jiko la Odeta

Habari hii alinisimulia Domisiana, jirani yangu wa Murukulazo, tukipura maharage uani kwake, miaka ile ya wakimbizi, Ngara ilipofurika watu. Naiandika kama alivyonipa.

Keza alikuwa binti wa darasa la tano. Yeye na mama yake, Odeta, walivuka mpaka kutoka Burundi, wakapewa kibanda na ndugu zao hapo Murukulazo. Kila akitoka shule Keza alikwenda kutafuta kuni, na kila siku kuni zilikuwa zimesogea mbali zaidi, maana vilima vilikuwa vimenyolewa kama kichwa cha mfiwa. Akirudi huinjika maharage juu ya mafiga, kisha hukaa akiutazama moto. Humo motoni aliona mambo. Ndimi za moto zilikuwa migomba ya kwao ikipepea. Kaa likipasuka, ni ng'ombe wa babu yake wakishuka bondeni, vumbi jekundu likiwafuata. Angekaa vivyo hivyo hata chungu kifurike.

Odeta alikuwa mfinyanzi katika kiwanda kidogo cha Mzee Bartholomayo. Siku moja akafika pale Marsiana, mzaliwa wa Ngara, mtaalamu wa chuo kikuu. Alileta mchoro wa jiko la udongo lenye mdomo mdogo, linalokula kuni chache.

"Chuoni tunajua kulibuni," alisema, "lakini chuo si kiwanda. Tukiwaachia ninyi ujuzi huu, mtayatengeneza na kuyarekebisha wenyewe hata sisi tukiondoka, na miti itapata kupumua. Ila kwanza tujaribu. Jiko la hapa likishindwa, kazi itapelekwa Mwanza."

Odeta akalifinyanga la kwanza, likachomwa, likapelekwa kwake lipikiwe. Marsiana akapima kuni kwenye mizani, akamkabidhi Keza.

"Pikia hizi tu, mwanangu. Nikirudi nitapima zilizobaki."

Rafiki yake Ishimwe alipokuja kulitazama, alishika mbavu. "Hee, Keza! Jiko lenu limefungwa mdomo kama mbuzi anayepitishwa shambani!"

Keza hakucheka. Maharage yaliiva, ndiyo, lakini moto haukuonekana. Kibanda kilikuwa kimya na ng'ombe wa babu hawakushuka. Akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Alichukua panga, akaugonga mdomo wa jiko polepole mpaka ukapanuka, akalainisha kingo kwa udongo na majivu. Moto ukachungulia nje, ukamtazama. Migomba ikarudi. Mama yake alipokaribia kufika, Keza aliegemeza kigae cha chungu mbele ya jiko, kama watu wafanyavyo kuhifadhi makaa. Ikawa ndiyo desturi yake kila jioni.

Marsiana aliporudi pamoja na Mzee Bartholomayo, hapakuwa na kuni hata ya kuchokolea meno. Akaondoa kigae, akatia kijiti chake cha kipimo mdomoni mwa jiko. Kijiti kikapwaya.

"Mama Keza," alisema taratibu, "hukufuata kipimo."

"Nilifuata."

"Tazama mwenyewe."

Odeta akainama, akatazama. "Labda mkono ulinidanganya," alisema mwishowe.

Mzee Bartholomayo akashusha pumzi. "Basi. Mwanza watapata kazi, na sisi tutabaki na vyungu vyetu visivyo na wanunuzi."

Odeta aliikunja mikono yake ndani ya kitenge, kana kwamba imemwaibisha. Keza akaitazama. Mikono ile ndiyo iliyombeba alipochoka njiani wakivuka mpaka.

"Mama hakukosea," alisema. "Mdomo nimeupanua mimi, kwa panga."

"Wewe!" mama yake alifoka. "Kwa nini?"

"Nilitaka kuuona moto, mama. Nikiuona, naona nyumbani."

Hasira ya Odeta ikamtoka kama mvuke. Mzee Bartholomayo akajifanya anakohoa.

"Ungeninyima ukweli," Marsiana alisema, "ningeandika kwamba wafinyanzi wa hapa hawawezi, na ningekuwa nimewadhulumu. Kesho tunaanza upya. Utapika wewe, na mdomo hutaugusa."

Odeta akafinyanga jiko jingine, likachomwa. Keza akapika, mikono akiificha mapajani kila tamaa ilipomjia. Marsiana aliporudi safari hii alikuta kuni zimebaki, rundo zuri tu, akaziweka kwenye mizani huku anatabasamu. Akampa Mzee Bartholomayo mchoro na kijiti cha kipimo.

"Ni vyenu sasa. Yatengenezeni."

Mzee akamgeukia Keza. "Mjukuu wangu, udongo mbichi ukikosewa hukandwa upya. Ukishapita tanuruni na kosa lake, hubaki kigae. Na uongo ni hivyo hivyo: usingoje uchomwe. Umesema mapema, ndiyo maana leo kiwanda kina kazi."

"Asante, babu," Keza alisema, macho chini.

Jioni walikula maharage, mama na mwana, bila maneno mengi. Nje mvua ilianza kunyesha, nyepesi, kama mtu anayepepeta ulezi.

"Mama, mtatengeneza majiko mangapi?"

"Mpaka kila nyumba ipate. Lala."

Odeta ndiye aliyelala kwanza, udongo mkavu ungali kwenye viwiko vyake. Keza akaushika mkono wa mama yake, akausikia ukipata joto polepole, na mvua ikazidi kusogea mbali, mbali, mpaka naye akalala.